Elimu ya msingi kwa watoto wenye ulemavu: Ada imeondoka, vizuizi vimebaki

Leo tunazungumzia haki ya elimu ya msingi kwa watoto wenye ulemavu katika nchi zinazoendelea, na tutaitazama zaidi hali ya mambo huko Afrika Mashariki, eneo ambalo wengi wenu, hata mlio mbali Muscat, London au Chicago, mna ndugu na jamaa wanaosoma au kufundisha. Swali letu ni moja: kwa nini mtoto mwenye ulemavu aghalabu hubakia nyumbani hata baada ya serikali kutangaza kwamba shule ni bure? Kuweni nami hadi mwisho wa makala haya.

Tuanze na historia fupi. Uganda ilipoanzisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997, idadi ya wanafunzi iliruka kutoka takriban milioni 3 mwaka uliotangulia hadi zaidi ya milioni 5. Tanzania Bara ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001. Kenya ikafuata Januari 2003, na katika mwaka mmoja tu wanafunzi wake waliongezeka kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Yalikuwa mafanikio makubwa, na hakuna mtu mwadilifu anayeweza kuyabeza.

Katika mpango ule wa Uganda kulikuwa na kipengele kimoja kinachostahili kukumbukwa. Mwanzoni serikali ilikubali kuwalipia watoto wanne tu katika kila familia, na ikaelekeza kwamba mtoto mwenye ulemavu apewe nafasi ya kwanza. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwani familia iliyolazimika kuchagua ilitakiwa kumtanguliza yule ambaye kwa desturi angeachwa nyuma. Baadaye ukomo wa watoto wanne uliondolewa. Pamoja na hayo, watoto wengi wenye ulemavu hawakuonekana darasani. Agizo lilikuwapo na ada haikuwapo, lakini mtoto hakuja.

Hali hii si ya Uganda peke yake. Mwaka 2008 mtafiti wa Benki ya Dunia, Deon Filmer, alichapisha uchambuzi wa takwimu za kaya kutoka nchi 13 zinazoendelea. Aligundua kwamba pengo la kwenda shule kati ya watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu aghalabu ni kubwa kuliko pengo kati ya wavulana na wasichana, kati ya mjini na kijijini, na hata kati ya tajiri na maskini. Na mwezi Novemba 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Watoto, UNICEF, lilikadiria kwamba duniani kuna watoto wapatao milioni 240 wenye ulemavu, yaani takriban mtoto mmoja katika kila kumi. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, uwezekano wa mtoto mwenye ulemavu kutowahi kabisa kuhudhuria shule ni mkubwa kwa asilimia 49 ukilinganisha na mtoto asiye na ulemavu.

Ili tuelewe mambo haya, wasikilizaji wapenzi, tumfuate kwa fikra mtoto mmoja wa miaka 7. Anaishi kijijini, kilomita 3 kutoka shuleni. Huenda haoni, huenda hasikii, huenda miguu yake haina nguvu. Kati ya kitanda chake na dawati kuna vizuizi kadhaa, na ada ya shule ilikuwa kimoja tu miongoni mwao.

Kizuizi cha kwanza ni kutohesabiwa. Serikali hupanga idadi ya walimu, vitabu na fedha kwa kutazama takwimu, na mtoto asiyekuwamo katika takwimu hapangiwi chochote. Tutazame mfano wa Kenya. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu wapatao milioni 1.3 wenye ulemavu, sawa na asilimia 3.5 ya wananchi wote. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao laki tisa tu, sawa na asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka 5 na kuendelea. Katika muda huo idadi ya Wakenya iliongezeka kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6. Je, ulemavu ulipungua? La hasha. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kuuliza na kiwango cha ugumu kilichohesabiwa kuwa ulemavu.

Karani wa sensa anapobisha hodi na kuuliza, "Je, humu ndani mna mlemavu?", mzazi wengi hujibu kwamba hakuna. Wengine huona haya. Wengine hawamhesabu kuwa mlemavu mtoto anayetembea na kucheza lakini haoni ubao. Kwa sababu hiyo kundi la wataalamu wa takwimu lililoundwa mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa, linalojulikana kama Kundi la Washington, lilitunga maswali sita yasiyotaja neno ulemavu hata mara moja. Huuliza kama mtu anapata ugumu kuona hata akivaa miwani, kusikia hata akitumia kifaa cha kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia kama vile kuoga na kuvaa, na kuwasiliana kwa lugha yake ya kawaida. Majibu ni manne: hapana ugumu, ugumu kiasi, ugumu mkubwa, au hawezi kabisa. Mwaka 2016 kundi hilo na UNICEF walitoa maswali maalumu kwa ajili ya watoto, kwani ulemavu wa mtoto hauonekani daima kama wa mtu mzima. Maswali hayo ni mepesi, na mwalimu aliyefundishwa anaweza kuyauliza. Hata hivyo, jibu hutegemea mahali mstari unapochorwa. Wakihesabiwa wale wenye ugumu mkubwa tu, mtoto anayehitaji miwani ya shilingi chache ili aone ubao hatakuwamo katika hesabu, na huenda akarudia darasa miaka miwili akiitwa mjinga.

Kizuizi cha pili kimo ndani ya nyumba, na hapa inatupasa kusema kwa uangalifu. Ni rahisi kumlaumu mzazi kwamba amemficha mtoto wake. Ni kweli kwamba katika jamii zetu bado kuna watu wanaoamini kuwa ulemavu ni laana, ni uchawi, au ni adhabu kwa kosa la mama. Ni kweli pia kwamba baadhi ya akina baba huwakimbia wake zao anapozaliwa mtoto wa namna hiyo. Lakini wazazi wengi humbakiza mtoto nyumbani kwa sababu wamepiga hesabu. Wanajua kwamba njiani atachekwa, kwamba darasani hapana anayejua kumfundisha, na kwamba mama atalazimika kushinda shuleni ili ampeleke msalani, ilhali yeye ndiye anayelima shamba. Mzazi huyo anampenda mtoto wake, ila haiamini shule.

Wakati mwingine kificho huokoa uhai. Kuanzia takriban mwaka 2006 mashambulizi na mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa Tanzania, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na baadaye Burundi na Malawi. Wauaji waliamini kwamba viungo vya watu hao huleta utajiri. Watoto wengi walipelekwa katika shule za bweni na vituo vya hifadhi kama Buhangija mkoani Shinyanga, Mitindo huko Misungwi na Kabanga huko Kasulu. Waliokoka, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini baadhi yao walikaa huko miaka mingi bila kuwaona wazazi wao, na shule iliyofurika watoto kuliko uwezo wake hugeuka kuwa kimbilio kabla ya kuwa mahali pa elimu.

Hata lugha yetu ina mchango wake. Wasomi wa Kiswahili wamewahi kuuliza kwa nini tunasema kipofu, kiziwi, kiwete na kilema, maneno ambayo yamevaa kiambishi kile kile cha kitu, kiti na kijiko. Kweli, kijana na kiongozi nao wamo katika ngeli hiyo, kwa hiyo sarufi peke yake haimtusi mtu. Hata hivyo, vyama vya watu wenye ulemavu vimesisitiza kwamba tuseme mtu asiyeona, mtu mwenye ualbino, mtoto mwenye ulemavu wa akili. Tofauti ni kwamba mtu hutangulia, na ulemavu hufuata. Mwalimu aliyezoea kumwita mtoto kwa jina lake, badala ya kumwita kwa kasoro yake, amekwisha kuondoa kizuizi bila kutumia hata senti moja.

Kizuizi cha tatu ni njia. Kilomita 3 kwa mtoto mwenye miguu mizima ni mwendo wa dakika arubaini hivi. Kwa mtoto anayetambaa ni safari isiyowezekana, na kiti cha magurudumu kilichotengenezwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali hakifiki mbali katika mchanga wala matope. Bodaboda ipo, lakini nauli ya kwenda na kurudi kila siku hugharimu kuliko ada iliyofutwa. Hapa ndipo tunapoona kwamba neno bure lina maana mbili. Kwa jirani yake mtoto huyu, shule ni bure. Kwake yeye, shule ile ile ina nauli, ina kifaa cha kutembelea, na ina mtu wa kumsindikiza.

Akifika, hukutana na ngazi mbili za saruji mlangoni, kisha choo cha shimo chenye tundu dogo, bila mahali pa kushikilia. Wasikilizaji wapenzi, msidhani kwamba choo ni jambo dogo. Mtoto asiyeweza kuchuchumaa hukataa kunywa maji asubuhi ili asihitaji kwenda msalani hadi jioni. Msichana akishafika umri wa hedhi huacha shule kabisa. Mteremko wa saruji badala ya ngazi, mlango mpana kidogo na ubao wa kushikilia chooni huongeza gharama ndogo sana jengo linapojengwa upya. Gharama huwa kubwa pale fundi anapoitwa kuja kubomoa kilichokwisha kujengwa.

Kizuizi cha nne ni darasa lenyewe, na pengine ndicho kigumu kuliko vyote. Kufutwa kwa ada kulileta watoto wengi kuliko walimu, na katika shule nyingi darasa la wanafunzi 80 au zaidi si jambo la ajabu. Mwalimu aliyezidiwa namna hiyo hufundisha kwa mdomo na chaki, na wanaofaidika ni wale wanaoona ubao na kusikia sauti yake. Kwa hiyo mafanikio yale yale yaliyowafungulia mlango mamilioni ya watoto yalimfanyia mtoto mwenye ulemavu darasa kuwa gumu zaidi.

Tumchukue mtoto asiyeona. Maandishi yake ni nukta nundu, mfumo uliobuniwa na Mfaransa Louis Braille, naye mwenyewe alikuwa haoni, na kuchapishwa mwaka 1829. Nukta sita tu, zikipangwa kwa namna mbalimbali, hutoa alama 63 zinazotosha kuandika Kiswahili, hesabu na hata muziki. Mtoto huweza kuandika kwa kibao chenye matundu na sindano ya kutobolea, akianza kulia kwenda kushoto, kisha huigeuza karatasi na kusoma kwa vidole kutoka kushoto kwenda kulia. Mashine ya kuandikia nukta nundu hurahisisha kazi, lakini moja hugharimu mamia kadhaa ya dola. Kitabu kimoja cha kiada kikichapishwa kwa nukta nundu hugeuka kuwa majuzuu kadhaa mazito, na karatasi yake ni nene na ya ghali. Matokeo yake ni kwamba mtaala unapobadilishwa, wanafunzi wengine hupata vitabu vipya, naye hubaki akisubiri.

Kuna pia waliosahauliwa katikati, nao ni wenye uoni hafifu. Watoto wengi wenye ualbino wamo katika kundi hili. Kwa miaka mingi baadhi yao walipelekwa katika shule za wasioona na kufundishwa nukta nundu, ilhali wangeweza kusoma maandishi ya kawaida kama yangekuwa makubwa, au kama wangeketi mstari wa mbele mbali na mwanga wa dirisha. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua ni sehemu ya vifaa vyao vya shule sawa na daftari.

Kwa mtoto kiziwi tatizo ni la namna nyingine. Wengi wao huzaliwa na wazazi wanaosikia, na hufika shuleni wakiwa na miaka saba au minane bila lugha yoyote kamili, si Kiswahili wala lugha ya alama. Katika shule za awali za viziwi huko Afrika Mashariki walimu walisisitiza kwamba mtoto ajifunze kutamka na kusoma midomo, na ishara zilikatazwa. Fikra hiyo imepitwa na wakati. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alianzisha shule ya viziwi nchini Ghana mwaka 1957, na kazi yake ikaenea hadi shule zaidi ya 30 katika nchi mbalimbali za Afrika, ambako alama zilitumika kufundishia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Tanzania nayo ina Lugha ya Alama ya Tanzania, na wasikilizaji watambue kwamba hizi ni lugha mbili tofauti. Lakini heshima ya katiba haijafika katika kila darasa. Mwalimu aliyejifunza alama chache katika semina ya wiki mbili hawezi kufundisha sayansi kwa lugha hiyo, sawa na vile mtu aliyejifunza salamu za Kiarabu asivyoweza kuhutubia msikitini kwa Kiarabu.

Na wapo watoto wenye ulemavu wa akili, wenye usonji na wenye mtindio wa ubongo. Hawa ndio walio nyuma kuliko wote, kwa sababu kwao si kifaa kinachohitajika bali ni muda, subira na mwalimu aliyeandaliwa. Mara nyingi huandikishwa darasa la kwanza, wakakaa nyuma mwaka mzima, kisha jina likafutwa kimyakimya.

Basi, mtoto huyu asomee wapi? Hapa kuna mjadala wa miaka mingi. Shule za mwanzo zilikuwa za pekee, na nyingi zilianzishwa na makanisa. Shule ya wasioona ya Thika nchini Kenya ilianza mwaka 1946, ya Buigiri mkoani Dodoma mwaka 1950, na ya viziwi Tabora mwaka 1963. Shule hizi zimetoa walimu, mawakili na wabunge, na bila shaka zilikuwa mwanga mahali ambapo hapakuwa na kitu kingine. Lakini ni chache, nafasi zake ni haba, na mtoto hulazimika kuishi mbali na nyumbani tangu utotoni. Hatari zake pia si za kufikirika: mwezi Oktoba 2022 moto ulioteketeza bweni la shule ya wasioona wilayani Mukono, Uganda, uliwaua watu 11, wengi wao watoto.

Mwezi Juni 1994 wawakilishi wa serikali 92 walikutana mjini Salamanca, Uhispania, na kutangaza kwamba shule ya kawaida ndiyo inayopaswa kubadilika ili impokee kila mtoto. Huu ndio msingi wa kile tunachokiita elimu jumuishi. Kisha tarehe 13 Desemba 2006 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Ibara yake ya 24 inasema kwamba mtoto asinyimwe elimu ya msingi ya bure na ya lazima kwa sababu ya ulemavu wake. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010, wakati Zanzibar ilikwisha kuwa na sheria yake tangu mwaka 2006.

Ni muhimu kueleza kwamba elimu jumuishi si kumchukua mtoto na kumketisha nyuma ya darasa. Huko ni kumhamisha kutoka upweke wa nyumbani na kumpeleka katika upweke wa shuleni. Mkataba wenyewe unadai mambo bayana: walimu wanaojua nukta nundu na lugha ya alama, wakiwamo walimu wenye ulemavu wao wenyewe, na msaada unaolingana na mahitaji ya kila mtoto. Kadhalika viziwi wengi hueleza kwamba mtoto kiziwi akiwa peke yake katika shule ya wanaosikia hukosa lugha, na kwamba kwake kuwa pamoja na viziwi wenzake ndiko kujumuishwa. Kwa hiyo hapana dawa moja ya kila ugonjwa.

Mambo yanayofaa yanajulikana. Kenya ilianzisha vituo vya kuwapima na kuwashauri watoto wenye ulemavu mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na miaka miwili baadaye ikafungua taasisi ya kuandaa walimu wa elimu maalumu. Tanzania ina Chuo cha Ualimu Patandi huko Arusha kwa kazi hiyo hiyo. Uganda huandaa walimu wake katika Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kuna utaratibu wa mwalimu anayezunguka shule kadhaa kwa pikipiki, akimfundisha mtoto asiyeona nukta nundu na kumsaidia mwalimu wa darasa. Kuna vitengo ndani ya shule za kawaida, ambako mtoto hupata msaada wa pekee asubuhi na kucheza na wenzake wakati wa mapumziko. Tatizo si ujuzi. Tatizo ni kwamba mengi ya haya yamefanywa kama miradi ya wafadhili, na mradi una tarehe ya kumalizika, ilhali mtoto hana.

Hapo ndipo tunapofikia suala la fedha. Kenya ilipoanza elimu ya bure mwaka 2003 ilipanga shilingi 1,020 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kiasi sawa kwa kila mtoto kinaonekana kuwa haki. Lakini ukiwapa kiasi kile kile mtoto anayehitaji daftari na kalamu tu, na yule anayehitaji mashine ya nukta nundu, umewapa sawa bila kuwatendea sawa. Serikali za eneo hilo zimekwisha kulitambua jambo hili na kuweka nyongeza kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Hata hivyo, nyongeza hiyo humfuata mwanafunzi aliyekwisha kuandikishwa na kutambuliwa. Aliyebaki nyumbani hana nyongeza, kwa kuwa hana jina katika daftari, na hivyo tunarudi pale pale tulipoanzia, katika kuhesabiwa.

Pengine baadhi yenu mtasema kwamba nchi maskini hazina uwezo, na kwamba mambo haya ni ya mataifa tajiri. Wasikilizaji mlioko Uingereza na Marekani mtashangaa kusikia kwamba huko nako haki hii si ya zamani. Nchini Uingereza, hadi mwezi Aprili 1971, watoto waliodhaniwa kuwa na ulemavu mkubwa wa akili walihesabiwa kwamba hawafundishiki, na walikuwa chini ya idara za afya badala ya elimu. Nchini Marekani, Bunge la nchi hiyo lilipopitisha sheria ya elimu kwa watoto wenye ulemavu mwaka 1975, lilikiri kwamba watoto milioni moja walikuwa wametengwa kabisa na shule za umma. Uingereza na Marekani zilikuwa tajiri kwa miaka mingi kabla ya hapo. Kilichowaingiza watoto wale darasani ni sheria ambayo mzazi aliweza kwenda nayo mahakamani, na bajeti iliyofuata sheria hiyo.

Fundisho hilo lina uzito zaidi wakati huu. Mwaka 2025 Marekani ililivunja shirika lake la misaada, USAID, na Uingereza ikatangaza kupunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo mwaka 2027. Nchi iliyokuwa ikitegemea mfadhili amlipe mwalimu wa nukta nundu sasa inalazimika kuchagua: ama imwingize mwalimu huyo katika orodha ya mishahara ya serikali, ama imwache aende. Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa mwaka 2015, yanawataja waziwazi watu wenye ulemavu katika lengo la elimu, tofauti na Malengo ya Milenia yaliyowasahau. Tarehe yake ya mwisho ni mwaka 2030. Mtoto wetu wa miaka 7 hawezi kusubiri hadi hapo, kwani wakati huo wenziwe watakuwa wanakaribia kumaliza shule ya msingi.

Wasikilizaji wapenzi, kabla ya kuhitimisha niseme neno kwa walio ughaibuni. Wengi wenu hutuma fedha nyumbani kila mwezi, na huulizwa kuhusu ada ya fulani na sare za fulani. Mara nyingine katika nyumba hiyo hiyo kuna mtoto asiyetajwa katika simu. Ulizeni habari zake. Je, ana cheti cha kuzaliwa? Je, amewahi kupimwa macho na masikio? Je, mwalimu mkuu anajua kwamba yupo? Fedha ya nauli ya bodaboda kwa muhula mmoja, au ya miwani, inaweza kumfikisha mahali ambapo tamko la serikali halikumfikisha. Hili haliiondolei serikali wajibu wake. Lakini mtoto mmoja akionekana darasani, mwalimu hulazimika kumwandika, na akiandikwa, wizara hulazimika kumhesabu.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Hawakusema hivyo ili tuwaonee huruma wenzetu. Walitukumbusha kwamba ajali moja, homa moja au uzee tu unaweza kumweka yeyote kati yetu upande ule wa pili wa mlango. Tunapojenga shule yenye mteremko badala ya ngazi, tunajijengea sisi wenyewe na watoto wetu.